Usiku wa Tambi Mjini Karatu

Anayetoka Tanga kwenda Ngorongoro huiacha bahari mapema, na minazi baada yake kidogo. Ukishapita Muheza na kushika njia ya Korogwe, mkonge huanza kutawala pande zote mbili za barabara, kisha huja milima ya Usambara, kisha Pare, na kufikia hapo nazi imeshakuwa kitu cha kununuliwa sokoni badala ya kuangukia uani. Tuliondoka baada ya Swala ya Alfajiri, watu watano ndani ya gari: mimi, baba watoto, mwanetu wa kiume mwenye miaka kumi na mmoja, binti yetu wa miaka saba, na mama mkwe wangu ambaye watoto humwita Bibi na sisi sote humwogopa kwa mapenzi.

Safari hii ilikuwa deni. Mwanetu aliahidiwa kumwona faru siku atakapohitimisha Juzuu Amma na Juzuu Tabaraka kwa moyo, naye alizihitimisha kabla ya likizo ya mwezi wa Juni. Binti naye alidai cha kwake. Pizza aliyoijua yeye ni ile ya Forodhani, Unguja, ya unga uliosukumwa ukawa mwembamba, ukatiwa nyama ya kusaga na yai, ukakunjwa na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Alikuwa amesikia shuleni kwamba ile si pizza hasa, kwamba pizza hasa ni ya Waitaliano, na kwamba mjini Karatu ipo. Nikamwambia tutaiona. Kwa hiyo lililotokea lilianza kwenye ulimi wangu.

Kutoka Arusha hadi Makuyuni ni kama kilomita 80. Hapo unaiacha barabara ya Dodoma na kukata kulia, na nchi inakuwa kavu na pana, ng'ombe wa Wamasai wakivuka kwa wakati wao. Mto wa Mbu unakupokea na migomba na ndizi nyekundu zilizopangwa kando ya njia. Baada ya hapo gari hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto, jeupe kama sinia la bati lililosahauliwa juani. Juu ya ukingo huo ardhi hubadilika rangi. Ni Rhotia, na baada yake Karatu: udongo mwekundu uliokolea, mashamba ya ngano, mahindi, alizeti na mbaazi. Wenyeji wengi ni Wairaqw, watu wenye lugha ya Kikushi isiyo na undugu na hizi zetu za Kibantu, wakulima na wafugaji hodari. Bondeni kwao, huko Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, ndiko vinakotoka vitunguu vinavyoliwa mpaka Kenya.

Bibi alipoziona mbaazi aliomba gari lisimame. Alishuka, akachuma ganda moja kwa ruhusa ya mama aliyekuwa akipalilia, akalipasua kwa kidole gumba na kusema kuwa angejua angekuja na nazi. Mama yule alitueleza kuwa nyingi huuzwa zikaenda India. Bado aliukumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje na bei ikaanguka vibaya.

Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni ya Juni mtu wa pwani huitafuta shuka yake mapema. Ni mji ulionyooka kando ya barabara moja. Tangu lami ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari ya watalii hayakatiki, nao mji umejifunza kuwalisha kila aina ya mgeni. Sisi tulikuwa wageni wa aina isiyotarajiwa sana.

Naandika yanayofuata nikikumbuka kuwa Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa na desturi ya kukitia chakula ila, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Sitautaja mgahawa wenyewe. Ulikuwa na vitambaa vya meza vyenye mirabaraba myekundu, mishumaa, na wageni kutoka Ulaya waliokuwa wametoka kreta na vumbi lao. Tuliswali Magharibi na Isha kwa kukusanya, katika chumba cha stoo ambacho mhudumu, kijana mwenyeji wa hapo, alitufungulia bila kuulizwa mara mbili. Alikuwa ameshawaona madereva Waislamu wakiswali humo, hivyo alijua kuwa kibla ni upande wa kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Tukaketi. Tulisubiri saa moja na robo.

Menyu ilikuwa kwa Kiingereza, na majina ya vyakula kwa Kiitaliano. Niliisoma mimi, kwa kuwa nyumbani mimi ndiye ninayesifika kwa Kiingereza. Pizza ya jibini na nyanya kwa mwanetu na baba yake. Tambi kwa mchuzi wa nyama ya kusaga kwa binti, ambaye harufu ya jikoni ilikwisha kumbadilisha nia, na kwa Bibi na mimi vilevile. Chini ya jina la mchuzi ule yalifuata maneno madogo: nyama ya ng'ombe, nyanya, karoti, figili, na neno moja nisilolijua, *pancetta*. Nililiona. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nililiona, kidole changu kikasimama juu yake, nikajiambia kuwa bila shaka ni mboga fulani ya kwao. Meza ya jirani walikuwa wakizungumza Kiingereza chepesi na mhudumu. Mimi sikutaka kuwa mwanamke wa baibui anayeuliza maana ya maneno.

Pizza ilifika imeungua chini na haijaiva katikati. Mwanetu aliila pembeni kuzunguka, kama panya. Tambi zilifika vuguvugu.

Bibi alimwita kijana. Akamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tambi hizi hazijaiva."

"Ndivyo zinavyotakiwa, Bibi. Waitaliano hupenda zigome kidogo menoni."

"Zigome menoni mwao. Mimi nimebakiwa na manne."

Kijana alicheka, na Bibi alicheka. Kwa haki yake niseme kuwa aliyoyasema ni kweli: huko Italia tambi iliyolainika kabisa huhesabiwa imeharibika. Na huenda mwinuko nao ulikuwa na mkono wake, kwa maana katika mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, na kinachoiva pwani kwa dakika kumi huku hudai zaidi. Lakini mtu aliyelelewa kwa tambi za nazi na iliki, zile za futari ya Ramadhani, hawezi kuridhishwa kwa hesabu za mvuke.

Tambi zenyewe si ngeni kwetu hata kidogo. Mwaka 1154 mwanajiografia Al-Idrisi, Mwislamu aliyeandika kitabu chake mjini Palermo kwa amri ya mfalme Mkristo Roger wa Pili, alieleza jinsi huko Trabia, katika kisiwa cha Sicily, zilivyotengenezwa *itriyya*, nyuzi za unga wa ngano, na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Sicily ilikuwa imetawaliwa na Waislamu kwa muda mrefu kabla ya hapo. Kitabu hichohicho kinaitaja Malindi na Mombasa. Wasomali nao hupika tambi kwa mchuzi wa nyama uliojaa viungo, desturi iliyokolea zama za utawala wa Italia, na chakula kile ni halali kuanzia kisu cha mchinjaji hadi kijiko cha mlaji. Na huko Malindi, karibu na pale Waitaliano waliporusha setilaiti kutoka pwani ya Ngomeni mwaka 1967, wamekaa kwa wingi kiasi kwamba vijana wa Kiislamu wa mtaani husema Kiitaliano. Tatizo la usiku ule halikuwa Italia.

Bibi hakuwa amemaliza. "Sasa niambie, mwanangu. Nyama hii ya nini?"

"Ya ng'ombe, Bibi."

"Ng'ombe peke yake?"

Kijana aliitazama kofia ya mwanetu. Akanitazama mimi, nami nikaitazama sahani. "Ngoja nikaulize jikoni," akasema. "Nisije nikamdanganya mtu mzima."

Aliporudi hakwenda kwa Bibi. Aliinama sikioni kwa baba watoto na kulitaja kwa sauti ndogo lile jina la vichochoroni, kitimoto, kisha akaona haya na kulirekebisha: nguruwe, vipande vidogo, kwa ajili ya ladha. Samahanini sana, Mzee. Binti yetu alikuwa amekwisha kula nusu sahani.

Baadaye nilijifunza nilichopaswa kukijua kabla ya kukalia kiti kile. *Pancetta* ni nyama ya tumbo la nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Haikuwa ulaghai wa mpishi: mwaka 1982 Akademia ya Mapishi ya Italia iliiandikisha katika Chemba ya Biashara ya Bologna namna ya kupika mchuzi ule wa asili, na ndani yake imo hiyo *pancetta* na imo divai. Maana yake mpishi anayefuata kitabu ndiye wa kuogopwa zaidi. Mwenye familia anayepita mbele ya menyu za namna hii na alizoee jamaa zima la maneno hayo: *prosciutto*, *speck*, *salame*, *guanciale*, *lardo*, yote ya nguruwe isipoelezwa vinginevyo. Wali wao wa *risotto* mara nyingi huanza kwa divai nyeupe. Na cheti cha halali, kile ambacho BAKWATA hutoa, huulizwa kabla ya kuagiza. Sikuuliza.

Binti aliacha uma wake. Hakulia. Aliuliza, "Mama, nimepata dhambi?"

Sikuweza kumjibu, kwa sababu swali lilikuwa langu. Baba yake ndiye aliyemweleza kwamba mtoto haandikiwi dhambi, na kwamba hata mtu mzima aliyekula bila kujua Mwenyezi Mungu amemsamehe. Umma huu umeondolewa lawama ya kukosea, ya kusahau na ya kulazimishwa. Alisema "bila kujua" bila kunitazama. Sijui kama alikuwa ameliona lile neno. Sikumuuliza usiku ule, wala sijamuuliza hadi leo.

Bibi alikwisha simama. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, najisi ya nguruwe imepewa hukumu ya najisi ya mbwa: huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Baba watoto, ambaye husoma soma, alimkumbusha mama yake kwa adabu kuwa Imam Nawawi, naye ni Mshafii, aliona dalili yenye nguvu ni kwamba nguruwe huoshwa kama najisi nyingine tu. Bibi akamwambia kuwa Imam Nawawi hakuwa mjukuu wake, huyu ndiye mjukuu wake. Akamshika binti mkono hadi kwenye bomba la bustanini, akachota udongo ule mwekundu wa Karatu kutoka chini ya maua ya mgahawa, akamwosha vidole na midomo, akihesabu kwa sauti. Kinywani alimsukutua kwa maji matupu. Kisha aliniita mimi. Nilikuwa nimekula vijiko vitatu. Niliinama pale bombani kwenye baridi, wageni wa meza ya jirani wakiwa wamenyamaza na kututazama, udongo ukinichuruzika kwenye mikono ya baibui. Na kwa mara ya kwanza tangu tuingie mgahawa ule sikujali walichofikiri.

Msimamizi alikuja na pole zake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema neno lilikuwa limeandikwa kwenye menyu, jambo ambalo hakuna aliyelijua vizuri kuliko mimi. Alikubali kukata nusu ya bei ya tambi, na kwa kutuliza mioyo ya watoto akaagiza kitindamlo cha bure: *tiramisù*, vikombe vitatu. Kijana alivileta kwa uso wa mtu anayebeba ujumbe wa msiba. "Hiki nacho kina pombe, Bibi," akasema, na kabla hajaambiwa akageuka na kurudi navyo jikoni.

Asubuhi gari letu dogo tuliliacha Karatu, kwa kuwa kreta haiingiliki ila kwa gari la kuvuta magurudumu yote manne, tukakodi moja na dereva wake. Lami huishia lango la Lodoare. Baada ya hapo ni msitu, ukungu, na kupanda kwenye ukingo wenye zaidi ya mita 2,200, hadi mahali ukungu unapofunguka nawe ukaona chini yako, mita kama 600, uwanda wa kilomita za mraba 260 umezungushiwa ukuta wa milima kila upande. Sote tulisema *Subhanallah* kwa pamoja, hata mwanetu ambaye siku hizi huona haya kushangaa.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1959 kwa kuitenga na Serengeti, ili Wamasai waendelee kuishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori, na mwaka 1979 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilimo humo kimekatazwa. Mahindi ya wafugaji wale hupanda mlima kutoka masoko ya Karatu. Bibi, mzaliwa wa Handeni, alimhoji dereva kwa urefu kuhusu familia ambazo tangu mwaka 2022 zimehamishiwa Msomera, wilayani kwake. Serikali husema ni kwa hiari. Wengine kati ya Wamasai wamelilalamikia jambo hilo mpaka nje ya nchi. Dereva alijibu kwa hekima ya watu wanaofanya kazi na pande zote: alitazama mbele.

Tulishukia njia ya Seneto. Tuliona nyati, pundamilia, simba watatu waliolala kama magunia. Faru alionekana kwa mbali sana, doa la kijivu kwenye nyasi. Mwanetu alitumia darubini ya dereva dakika ishirini, akamkabidhi Bibi darubini na kusema deni limelipwa.

Binti hakusema kitu mpaka ngiri alipokatiza mbele ya gari, mkia wima kama mlingoti, watoto watatu nyuma yake. Alimfuata kwa macho hadi alipotoweka.

"Ndiye niliyemla?"

"Hapana," alisema baba yake. "Huyu ni binamu yake wa porini."

Alifikiri. "Yeye hana kosa," akasema. Sikujua kama alimaanisha ngiri, au yule mwingine, na niliogopa kumwuliza asije akaniambia nani mwenye kosa.

Chakula cha mchana huliwa Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko. Anayekijua kituo hicho hulia garini, vioo vimefungwa, kwa sababu ya mwewe. Sisi hatukujua. Bibi alikuwa amefungua kifurushi cha mahamri aliyoyabeba kutoka Tanga, na mwanetu alikuwa amenyanyua moja kuelekea kinywani, mwewe akashuka kwa nyuma, akalitwaa na kwenda zake. Mtoto alibaki ameshika hewa.

"Huyo naye hakuuliza kilichomo," alisema Bibi.

Nilijua ananisema mimi. Lakini alinipa hamri jingine, kubwa kuliko yote, na tangu hapo jambo lile hakulitaja tena.

Jioni tulikula karibu na msikiti, kwa mama mmoja wa Kirangi kutoka Kondoa, benchi mbili na meza moja yenye kitambaa cha plastiki. Kuku alichinjwa na mumewe mlangoni tulipokuwa tukiswali. Wali, mchicha, kachumbari ya vitunguu vya Mang'ola. Watu watano tulishiba kwa fedha isiyofikia pizza moja ya usiku uliotangulia. Ila mbaazi zake, ambazo Bibi aliziagiza kwa shauku yote ya safari, zilikuja zimeungwa kwa karanga. Bibi alizila, akashukuru, na nje akatuambia kwamba ni dhambi kwa nchi yenye mbaazi nzuri namna ile kukosa nazi. Mama yule alikuwa ametueleza kuwa nazi hufika Karatu ghali, nyingine zimeshaharibika ndani.

Usiku ule wa mgahawani baba watoto alichukua namba ya simu ya yule kijana. Wiki moja baada ya kurudi Tanga, Bibi alifunga nazi kumi ndani ya gunia, nusu za mama wa Kirangi, nusu za kijana pamoja na maelekezo ya tambi za nazi yaliyoandikwa na binti kwa kalamu ya rangi, tukazipakia kwenye basi la Arusha zipokewe na kupandishwa lingine. Zilifika nane. Siku ya tatu ulikuja ujumbe kutoka kwa kijana, wa heshima sana, ukianza kwa shikamoo kwa Bibi. Alitaka kujua nazi huvunjwa na nini.